Ukoo Mzima Wanunua Laptopu

Kwetu Tanga jambo la mtu mmoja halipo. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alipochaguliwa kusomea upimaji ardhi katika Chuo Kikuu Ardhi kule Dar es Salaam, hata barua ya chuo ilikuwa haijachapishwa, kundi la WhatsApp la ukoo likabadilishwa jina na kuitwa "Laptopu". Mjomba wa Ilala akajiteua mwenyekiti. Mama akawa mweka hazina, maana pale nyumbani hakuna mwingine ambaye pesa hukaa mkononi mwake bila kupungua.

Zikapatikana laki saba. Laki mbili na nusu ni za mama, mgawo wake wa kikoba, na pesa ya kikoba ya mama ni chapati na maharage anayouza tangu alfajiri. Baba akatoa laki mbili, Mjomba laki na nusu, mimi na kaka tukamalizia. Hazikuwa pesa za kuchezea. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki kirefu, kwani kila Septemba na Oktoba familia nyingi hukusanya fedha za aina hii, zikaishia kwenye chombo ambacho mtoto hawezi kukisomea.

Kikao cha kwanza kilifanyika ukumbini, Mjomba akiwa kwenye simu iliyoegeshwa juu ya bakuli la sukari ili sauti isikike vizuri. Kaka alisema siku hizi watu wanasoma kwa simu, pesa ile iende kwenye godoro na ndoo. Shangazi aliyeko Muscat akatuma ujumbe wa sauti: atanunua tableti huko, nzuri, nyepesi, mtoto ataibeba kwenye mkoba. Baba alitaka kitu kipya kutoka dukani, kwenye boksi lake, chenye waranti. Mjomba akawasubiri wote wamalize.

"Mimi nasema Core i7," akasema. "Core i7 ndiyo mwisho wa kompyuta. Mtoto atamaliza nayo chuo, ataanza nayo kazi."

Mdogo wangu alikuwa jikoni akikuna nazi. Aliisimamisha mbuzi, akaja hadi mlangoni, mikono myeupe. "Mjomba, shikamoo. Core i7 ya kizazi gani? Na RAM ngapi?"

"Marahaba, mama. Wewe kazana na masomo, haya mengine tuachie wakubwa."

Akarudi kukuna nazi. Jambo lililoniuma katika kisa chote hiki ni hilo. Katika watu wote waliokuwa wakizungumza, ni yeye peke yake aliyekuwa ameshaulizia. Alimtafuta kijana wa mwaka wa tatu wa kozi ileile akamwuliza watatumia programu gani, akaandika kwenye daftari: AutoCAD kwa ajili ya michoro, QGIS kwa ajili ya ramani, Excel kwa hesabu za vipimo. AutoCAD inadai RAM isiyopungua GB 8, na ile kamili ya kwenye kompyuta haiwekwi kwenye tableti ya kawaida. QGIS ni ya bure, lakini ukiipa picha kubwa ya setilaiti inahema. Majibu ya kikao kile chote yalikuwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, nalo lilikuwa jikoni, juu ya debe la unga.

Baba hakuwa mtu wa kusubiri. Kesho yake alimchukua mdogo wangu wakaenda mjini, kwenye duka lenye kiyoyozi, akaonyeshwa laptopu mpya ya laki sita na nusu. Boksi linang'aa, stika hazijabanduliwa, waranti mwaka mmoja. Mdogo wangu akaligeuza boksi akasoma ubavuni: prosesa ya Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64 ya aina inayoitwa eMMC. Akamweleza baba kwa upole, palepale kaunta. RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inadai ili ikubali kuwekwa. Kwa hiyo kompyuta ile, mpya kama ilivyo, ilikuwa ukingoni tangu kiwandani. Masasisho mawili matatu yakishuka, nafasi inaanza kubana. Na zaidi ya hapo, kumbukumbu zote mbili zimechomelewa kwenye bodi, huwezi kuzitoa ukaweka kubwa zaidi.

Muuzaji alisema kwa kazi za chuo inatosha. Kwa anayeandika insha na kusoma PDF, labda angeweza kuvumilia nayo. Kwa mpimaji ardhi, hapana. Baba alilisukuma boksi taratibu likarudi upande wa pili wa kaunta, akasema asante, wakatoka. Njiani alimnunulia mdogo wangu muwa. Mimi nilijua kuanzia siku ile kwamba baba amehama upande.

Mjomba lakini alikuwa hajui kama kuna upande. Ijumaa moja picha ikatua kwenye kundi: laptopu nyeusi, kubwa, yenye kibodi ya namba pembeni, na karibu na kioo stika ya bluu iliyoandikwa Core i7. Chini yake: "Tayari. Laki nne na nusu tu. Nimebakiza laki mbili na nusu, mama yao ataamua." Akaipandisha basi usiku uleule. Kaka akaipokea stendi ya Kange ikiwa imefungwa kwenye kanga na kamba ya katani, maana Mjomba alihofia ikitiwa kwenye mkoba wake itajulikana ni laptopu na kuibwa.

Ilifunguliwa jioni, baada ya magharibi. Majirani wawili walikuja, Bibi akaletewa kiti cha mbele. Kanga ikafunuliwa, na ikatoka mashine ya kilo tatu hivi, bawaba zake zikilia ukifungua kioo. Mdogo wangu akachomeka chaja, akabonyeza kitufe. Taa ikawaka, feni ikaanza kuunguruma, alama ya Windows ikatokea na vidoa vyake vikaanza kuzunguka. Vikazunguka. Bibi akauliza kama ndiyo picha yenyewe. Mama akainuka akaenda kubandika chai, akaungua mkono na mvuke wa birika, akarudi akijipuliza kidole. Vidoa bado vinazunguka.

Hatimaye ukurasa ukafunguka, kukapigwa makofi. Mdogo wangu akapeleka kishale kwenye folda ya kwanza, akabonyeza, na papo hapo nyumba nzima ikazama gizani. LUKU ilikuwa imekwisha. Hilo si jambo la ajabu kwetu, lakini laptopu nayo ilizimika sekunde ileile, kioo kikawa cheusi. Katika giza lile hakuna aliyesema kitu, na katika kimya kile kila mtu alielewa kwamba betri haipo. Ipo kwa umbo, kwa chaji haipo.

Baba akanunua uniti kwa simu, akaenda kwenye mita na tochi, akaanza kuingiza tarakimu zile ishirini huku kaka akimsomea. Wakakosea katikati, wakaanza upya. Umeme uliporudi mashine ikawashwa tena, vidoa vikaanza safari yao, na majirani wakaaga.

Asubuhi mdogo wangu alimwita kijana wa mtaa wa pili, fundi wa simu na kompyuta, mtu mtulivu ambaye hulipwa baada ya kazi na siyo kabla. Mimi nilikaa nao barazani nikitazama. Kwanza hakufungua kitu, alibonyeza kulia kwenye "This PC" akachagua sifa za mfumo, akaugeuza ule upande wa kioo utuelekee. Paliandikwa i5-2520M. Stika ya i7 nje, ndani i5. Akaibandua kwa ukucha, na chini yake palikuwa na alama ya gundi ya stika nyingine iliyowahi kukaa pale.

"Hata ingekuwa i7 kweli," akasema, "tazama hii namba. Mbili ya mwanzo ndiyo kizazi. Hiki ni cha pili, mwaka 2011."

Ningependa kila mzazi ajue kuisoma hiyo namba, maana haihitaji utaalamu. Baada ya i3, i5 au i7 kuna kistari, kisha tarakimu. Zikiwa nne na ya kwanza ni kati ya 2 na 9, hiyo ya kwanza ndiyo kizazi: 2520 ni cha pili, 6300 ni cha sita, 8350 ni cha nane. Ikianza na 10, 11 au 12, basi ni kizazi cha kumi, cha kumi na moja, cha kumi na mbili. Herufi i7 peke yake haikuambii chochote kuhusu umri, na i3 ya kizazi cha nane huipita i7 nyingi za kizazi cha pili huku ikila umeme kidogo. Kizazi cha nane kilikuja na mabadiliko makubwa kwenye laptopu. i5 nyembamba ya kizazi cha saba ilikuwa na viini viwili vya kuchakata, ya kizazi cha nane ikawa na vinne. Na kuanzia hicho cha nane ndipo karibu prosesa zote za Intel zinakubaliwa na Microsoft kwa Windows 11. Mkweche wetu ulikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft ilikuwa imetangaza kuacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, yaani karibu kabisa na muda wa mdogo wangu kuingia darasani. Ukijiandikisha unaongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, halafu basi. Yeye kozi yake ni ya miaka minne.

Fundi akafungua mfuniko wa chini. Vumbi lilikuwa limetanda kwenye feni kama blanketi. RAM GB 4. Diski ya GB 500, ile ya sahani inayozunguka, na ukiiweka sikioni unaisikia ikikwaruza. Ndiyo iliyokuwa ikitucheleweshea vidoa.

Mama alisimama nyuma yetu muda wote na upawa mkononi. "Laki nne na nusu," akasema. "Chapati shilingi mia tano. Ni chapati mia tisa." Akarudi jikoni. Hakumlaumu mtu, wala hakulirudia tena neno hilo, na kwa kweli ingekuwa nafuu kama angelirudia.

Mjomba alipopigiwa simu hakubisha. Alikwenda kwa muuzaji siku ileile. Mkononi alikuwa na risiti ya kuandikwa kwa kalamu: "Laptopu 1", kiasi, sahihi, na chini mhuri wa maneno ya kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hakuna aina, hakuna namba ya mashine, hakuna neno i7. Tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mlaji kuhusu sifa za bidhaa, na ipo Tume ya Ushindani ya kuisimamia, lakini mlalamikaji anatakiwa aonyeshe aliahidiwa nini. Risiti ya mashine ya EFD iliyoandikwa aina na kizazi ingempa Mjomba pa kusimama. Muuzaji akamwambia stika alizikuta zimebandikwa. Mjomba akarudi Ilala mikono mitupu, na usiku akamwandikia mama peke yake, nje ya kundi. Mama hajatuonyesha ujumbe huo, alisema tu, "Kaka yangu anampenda huyu mtoto," na ikawa mwisho wa kesi.

Pesa iliyobaki ni laki mbili na nusu. Shangazi wa Muscat, aliyekuwa bado na tableti yake kichwani, akapigiwa simu na mdogo wangu mwenyewe. Sijui walizungumza nini, ila simu ilikuwa ndefu, na mwisho wake tableti ikageuka laki mbili taslimu. Jumla laki nne na nusu. Safari hii kundi zima lilikubali, Mjomba akiwa wa kwanza kuandika, kwamba achague atakayeitumia, na mimi nimsindikize kubeba pesa.

Tulishuka Dar asubuhi, tukapanda mwendokasi hadi Gerezani, tukaingia Kariakoo kwa miguu. Watu wanaogopa laptopu zilizotumika, na baada ya yaliyotupata nawaelewa. Lakini kwa laki nne na nusu, kilicho bora sokoni ni kilichotumika, nacho kina historia inayoeleweka. Kampuni na ofisi kubwa za Ulaya na Marekani hununua mashine imara za kazi, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla, na nyingi hupitia Dubai ndipo zije kwetu. Majina ni yaleyale utakayoyakuta kila kibanda: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Zilitengenezwa zifunguke, RAM ibadilishwe, diski ibadilishwe, na vipuri vyake vimejaa. Mimi ningemwambia mtu achukue hizo za 2018 kabla ya mpya yoyote ya Celeron.

Mdogo wangu alikuwa na daftari lake, fleshi moja, na simu yenye bando. Duka la kwanza alitolewa laptopu ya rangi ya fedha, nyembamba, nzuri mno. Ilikuwa haijaanzishwa, iko kwenye ule ukurasa wa kukaribisha unaouliza uko nchi gani. Muuzaji alijivunia hilo, akasema haijaguswa. Mdogo wangu akawasha hotspoti ya simu, akaiunganisha.

"Hapo usiweke intaneti, dada, unaruka," muuzaji akasema haraka.

"Niruhusu kaka, niione tu."

Ukurasa ukageuka. Likatokea jina la kampuni moja ya Ulaya, na sehemu ya kuweka barua pepe ya mfanyakazi. Ile mashine ilikuwa bado imesajiliwa kwa wenyewe wa kwanza. Ukiruka bila intaneti itafunguka na itafanya kazi, mpaka siku mfumo utakapoharibika na kuwekwa upya, ndipo ukurasa ule utarudi kukuomba barua pepe usiyokuwa nayo. Pengine katikati ya mitihani. Akaifunga, akashukuru, tukaondoka.

Vibanda vingine nitavipita, maana vilifanana. Tulipofikia ile iliyokuwa yake ilishafika adhuhuri. ThinkPad T480, i5-8350U, RAM GB 8, SSD ya GB 256, yaani diski isiyo na sahani inayozunguka. Aliiinamia akaanza. Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, sehemu ya utendaji: prosesa ni hiyohiyo iliyosemwa, RAM GB 8 kweli, nafasi moja kati ya mbili imetumika. Akafungua dirisha jeusi la amri akaandika powercfg /batteryreport, akaifungua ripoti iliyotoka, akanionyesha mistari miwili: uwezo wa betri ilipotengenezwa, na uwezo inaojaa sasa. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja nje ya kuchomoa, na kila moja ina mistari yake. Ya ndani ilikuwa imebaki robo tatu ya uwezo wake na zaidi kidogo, ya nje ilikuwa imechoka, nusu tu. "Ya nje inabadilishwa bila bisibisi," akaniambia kwa sauti ya chini, "si tatizo." Akafungua ukurasa mweupe kioo kizima akatafuta doa. Akachomeka fleshi kila tundu. Akajaribu kamera, spika, sauti ya kurekodi. Akaizima akaingia kwenye BIOS kuona kama kuna nywila. Haikuwepo.

"Dada, mnanunua laptopu au mnachumbia?" muuzaji akauliza, lakini alikuwa anacheka, na alivuta kiti akatupa tukae.

Kisha akafungua Notepad kujaribu kibodi, herufi moja moja, na hapo akasita. Alibonyeza Y ikatoka Z. Akabonyeza Z ikatoka Y. Akatazama vizuri: pembeni mwa L kulikuwa na Ö na Ä. Mashine ilitoka Ujerumani, ambako Y na Z zimekaa kila moja mahali pa mwenzake, na muuzaji aliweka Windows kwa mpangilio wa Kiingereza bila kuangalia vitufe. Bei ilikuwa laki nne na themanini. Mdogo wangu akasema kibodi ni ya Kijerumani, watu wengi wataikataa. Muuzaji alijua hivyo, ilikuwa imekaa kwake muda. Wakavutana kwa adabu, wakafungia laki nne na elfu thelathini, pamoja na chaja. Akadai risiti ya EFD, na kwa mkono wake muuzaji akaongeza chini: T480, kizazi cha 8, namba ya mashine, majaribio wiki mbili. Elfu ishirini iliyobaki ikanunua begi.

Tulirudi Tanga nayo kwa siku chache zilizosalia kabla ya chuo kufunguliwa. Ikawashwa ukumbini, ikafunguka kabla Bibi hajakaa sawasawa kitini. Baba alifurahi mno, akaomba aizindue yeye. Kulikuwa na mtaro mbele ya nyumba ulioziba tangu masika, naye alikuwa akipanga kumwandikia mtendaji wa mtaa. Akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja macho yakiwa kwenye vitufe, asitazame juu hata mara moja, na sisi tukamwacha kwa heshima. Aliposimamisha kidole akainua uso kusoma, akanyamaza kwa muda mrefu.

ZAH> MAOMBI ZA KUYIBULIWA MTARO.

"Hii nayo," baba akasema, "tumeibiwa tena."

Mama alikuja mbio kutoka uani, mikono ina unga. Ilibidi mdogo wangu amshike bega na kumkalisha. Akaingia kwenye mipangilio ya lugha, akaongeza kibodi ya Kijerumani, na barua ikaandikwa upya ikatoka YAH, tena MAOMBI YA, na mtaro ukazibuliwa angalau kwenye karatasi. Jambo lile lina dawa mbili. Ukiiambia Windows kwamba kibodi ni ya Kijerumani, unachokiona kwenye kitufe ndicho kinachotoka, ila alama ya barua pepe inakuwa kwenye Q pamoja na AltGr, na mabano yanahama. Au unabaki na mpangilio wa Kiingereza na kubandika stika za herufi, zinauzwa maduka ya steshenari kwa bei ndogo tu. Yeye alichagua stika, kwa sababu kompyuta za maabara ya chuo zina kibodi ya Kiingereza na hakutaka vidole vyake vijifunze mara mbili. Kazi ya kuzibandika ilifanywa na kaka, kwa kibano cha nyusi, jioni nzima.

Ile kubwa ya Mjomba haikutupwa. Yeye mwenyewe alituma pesa ya SSD, fundi akaitoa ile diski inayokwaruza, akapuliza vumbi, akaweka Linux Mint, ambayo ni ya bure na haina habari na vizazi vya Intel. Sasa inawaka haraka, ingawa lazima ikae kwenye umeme. Mama ndiye anayeitumia. Hesabu za kikoba chao zimo kwenye LibreOffice, jina la kila mwanachama na hisa zake, na jumla inajikokotoa yenyewe. Wanachama wenzake huja Jumamosi kutazama majina yao kwenye kioo, na mama huyasoma moja moja kwa sauti.

Majirani walioona mambo haya wameanza kuja kuuliza, na mimi huwarudishia swali alilouliza mdogo wangu akiwa mlangoni na nazi mkononi, kisha huongeza la kozi. Anayekwenda ualimu au sheria, i3 au i5 ya kizazi cha nane yenye RAM GB 8 na SSD inamfikisha. Anayekwenda usanifu majengo au uhandisi atafute yenye nafasi ya kuongeza RAM, na afike nayo GB 16 mapema. Wote wawili wasinunue yenye diski ya sahani kwa bei yoyote, wala wasinunue kwa picha ya WhatsApp. Na mtoto aende mwenyewe dukani. Hata kama hajui kitu, miezi mingi ijayo ni yeye atakayekesha nayo.

Mdogo wangu sasa ameshazoea hosteli. Aliandika namba ya mashine mahali pawili, kazi zake anaziweka pia kwenye Google Drive, kwa kuwa GB 15 za mwanzo ni za bure. QGIS na kivinjari vikifunguka pamoja GB 8 zilikuwa zinabana, kwa hiyo bumu la kwanza, ile pesa ya mkopo wa chuo, lilipoingia alinunua kipande cha GB 8 akakichomeka mwenyewe kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi. Betri ya nje imezidi kulegea, haimfikishi mwisho wa vipindi viwili. Ameshaulizia bei Kariakoo, na Mjomba amesema hiyo atainunua yeye, ila aandikiwe namba ya betri yenyewe kwenye karatasi kabla hajatoka nyumbani.